Kupandisha Sauti ya Ngoma si Kuifikisha Kijiji cha Pili: tusome upya makala maarufu ya mawimbi ya spini

Kama unafuatilia habari za fizikia ya sumaku, lazima umeshakutana na ahadi hii kwa sura moja au nyingine: siku zijazo kompyuta zitabeba taarifa kwa mawimbi ya spini badala ya mkondo wa umeme, mawimbi hayo yataongozwa kwa uga wa umeme, na lile joto linalokuchoma mapajani ukiwa na laptopu litabaki kuwa historia. Ahadi tamu. Wanafunzi wengi tumeingia maabara kwa sababu yake.

Leo nataka tuikague. Sitaanza na vichwa vya habari, maana kuvicheka ni rahisi mno. Nitaanza na makala yenyewe ya kisayansi, tena nzuri, ambayo imechangia sana ahadi hii kuaminika. Ilitoka mwaka 2010 katika jarida la Nature Materials. Waandishi ni Rovillain na wenzake, wakiwemo Maximilien Cazayous wa Paris na mwananadharia Rogério de Sousa wa Kanada. Inahusu kutumia umeme kubadilisha masafa ya mawimbi ya spini ndani ya fuwele iitwayo BiFeO3, yaani oksidi ya bismuti na chuma.

Makala inadai mambo manne. Kwanza, mawimbi haya yanatetema zaidi ya mara bilioni 600 kwa sekunde (gigahezi 600), tena kwenye joto la kawaida la chumba. Pili, ukiweka uga wa umeme, masafa hayo yanabadilika kwa zaidi ya 30%. Tatu, badiliko halifutiki ukizima umeme. Nne, yote haya yanafanyika karibu bila kupoteza nishati.

Matatu ya kwanza yanatoka kwenye vipimo. La nne ni la aina nyingine kabisa, na ndilo lililosafiri mbali kuliko yote. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Kwanza, wimbi la spini ni kitu gani?

Chukua kipande cha sumaku. Kila atomu ya chuma iliyomo ndani ina kijisumaku chake, kinachotokana na spini za elektroni zake. Vijisumaku hivi havikai kila kimoja na hamsini zake. Kila kimoja kinamtazama jirani. Ukikiyumbisha kimoja, jirani yake anayumba, na jirani wa jirani, mpaka mbali. Huo myumbo unaosafiri ndio wimbi la spini. Felix Bloch alilieleza mwaka 1930. Ukiligawa hadi kipande kidogo kabisa cha nishati, unapata kinachoitwa magnoni.

Sasa angalia jambo lililowavutia watu. Hakuna elektroni inayohama. Umewahi kuona mashabiki wakipiga lile wimbi la kusimama na kuketi uwanjani? Kila mmoja anabaki kwenye kiti chake, lakini wimbi linazunguka uwanja mzima. Mkondo wa umeme ndani ya waya ni tofauti: pale mashabiki wenyewe wanakimbia, wanapigana vikumbo, na vikumbo hivyo ndivyo joto. Kwa hiyo ukibeba taarifa kwa wimbi la spini, hasa ndani ya kihami ambamo elektroni hazitembei, joto la vikumbo unaliepuka.

Tatizo ni kuliongoza. Njia ya zamani ni uga wa sumaku, na uga wa sumaku unautengeneza kwa kupitisha mkondo kwenye koili au kijiwaya. Yaani umefukuza mkondo mlangoni, umeurudisha dirishani. Ndiyo maana uga wa umeme unapendeza. Unaweka bamba mbili, unaziunganisha na betri, na kama katikati kuna kihami kizuri hakuna mkondo wa maana unaopita. Kuushikilia uga huo hakugharimu kitu.

Neno ni "kuushikilia". Liweke akilini, tutalirudia.

Walichofanya vizuri

BiFeO3 si fuwele ya kawaida. Sumaku nyingi hazina mpangilio wa kudumu wa umeme, na vitu vyenye mpangilio huo mara nyingi si sumaku. Hii ina vyote viwili. Mpangilio wake wa sumaku unadumu mpaka kelvini 640 hivi, na ule wa umeme mpaka kelvini 1,100 hivi. Joto la chumba ni kelvini 300 tu, kwa hiyo nafasi ni kubwa. Spini zake hazikai mstari mmoja bila kubadilika. Kutoka jirani hadi jirani zinapinda kidogo kidogo, zinakamilisha mzunguko mmoja kila nanomita 62 hivi. Mpindo huo ndio unaoyapa mawimbi yake tabia zake.

Ukubwa wa badiliko wanalolionyesha ni wa kushangaza kweli. Wanakwaya watanielewa haraka: 30% ya masafa ni kama kutoka do kupanda mpaka katikati ya mi na fa. Hilo si sauti kuteleza kidogo, ni noti nyingine. Au lipime kwa njia ya sumaku. Spini huru inabadilisha masafa yake kwa gigahezi 28 hivi kwa kila tesla moja. Asilimia 30 ya gigahezi 600 ni gigahezi 180. Kulipata badiliko la namna hiyo kwa spini huru ungehitaji zaidi ya tesla 6, wakati mashine kubwa za MRI hospitalini kwa kawaida ni tesla 1.5 au 3. Hawa wamelipata kwa volti na fuwele. Hapo wapewe haki yao.

Na hawakuishia kwenye namba. Walitoa maelezo ya kinadharia kwamba athari inakua sambamba na uga, na kwamba chanzo chake ni mfungamano wa spini na mzingo, yaani ule uhusiano kati ya spini ya elektroni na mwendo wake kuzunguka kiini cha atomu. Makala nyingi za aina hii zinakupa mchoro mzuri na kukuacha ukijiuliza "kwa nini". Hii inajibu.

Lakini walipima nini hasa?

Walitumia mtawanyiko wa Raman. Unamulika leza kwenye fuwele, sehemu ndogo sana ya mwanga inarudi ikiwa imepoteza au kuongeza nishati kidogo, na tofauti hiyo inakwambia fuwele ilikuwa inatetema kwa masafa gani. Ni njia safi na ya kuaminika. Kwa kujua noti, haina mfano.

Ila haikwambii kama wimbi limesafiri. Fikiria ngoma. Mpiga ngoma anaisogeza karibu na moto, ngozi inakaza, sauti inapanda. Wewe umesimama pembeni na kifaa cha kupimia, unaandika: sauti imepanda kwa 30%. Umesema kweli tupu. Lakini kama mtu ataniuliza, "Je, kijiji cha pili wataisikia?", kipimo chako hakina jibu. Kupanda kwa sauti ni jambo moja, kufika mbali ni jingine.

Teknolojia inayotajwa mwanzoni mwa makala, ya kubeba na kuchakata taarifa kwa mawimbi, inahitaji hiyo ya pili. Inataka wimbi litoke pointi A, lipite chini ya bamba lenye volti, libadilishwe, lifike pointi B likiwa bado na nguvu ya kusomeka. Kwenye makala hii hakuna A wala B. Kuna doa la leza. Waandishi hawakuficha hilo, mbinu yao wameiandika wazi. Ni sisi wasomaji tunaoruka kutoka "masafa yamebadilika" hadi "wimbi limeongozwa" bila kuona kwamba tumevuka mto.

Mlango mmoja, kuingia na kutoka

Ungeweza kusema, sawa, hilo ni suala la muda tu, wengine wataonyesha wimbi likisafiri. Huenda. Lakini kuna sababu ya ndani zaidi ya kuwa na wasiwasi, na inaonekana ukiweka njia tatu kubwa za utafiti huu upande kwa upande.

Njia ya kwanza ni YIG, ganeti ya itriamu na chuma. Huyu ni bingwa wa kubeba mawimbi. Kuna namba inayoeleza jinsi wimbi linavyofifia; iite kipimo cha ufifiaji. Kwenye YIG nzuri ni 0.0001 au hata chini ya hapo. Maana yake, wimbi linatetema kama mara 1,600 kabla kimo chake hakijashuka hadi theluthi moja na kidogo. Kwenye filamu nzuri hilo linatosha kusafiri milimita kadhaa, na kwa dunia ya vichipu milimita ni safari ndefu. Sasa weka uga wa umeme. Mwaka 1984 Yakir Aharonov na Aharon Casher walionyesha kwamba kijisumaku kinachopita kwenye uga wa umeme kinabadilishwa fezi, yaani ule mpangilio wa wimbi kuwa juu au chini kwa wakati fulani. Kwa magnoni, hesabu ya utupu iko wazi: kwa uga mkali wa volti milioni 10 kwa mita, unahitaji sentimita 16 hivi ili kuligeuza wimbi juu-chini kabisa. Sentimita kumi na sita! Wimbi lenyewe limeshafifia kitambo. Ndani ya fuwele athari inaweza kuwa kubwa kuliko kwenye utupu, na mwaka 2014 Zhang, Liu, Flatté na Tang walichapisha katika Physical Review Letters kwamba wameipima kwenye YIG, kwa wimbi linalosafiri kweli. Kazi safi. Lakini badiliko lenyewe ni dogo, mbali sana na do kwenda fa.

Njia ya pili ni metali nyembamba sana. Mwaka 2009 Maruyama na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba kwenye chuma chenye tabaka chache tu za atomu, kilichopakana na oksidi ya magnesi, uga wa umeme ulio chini ya milivolti 100 kwa nanomita unabadilisha kwa takriban 40% ule upendeleo wa spini kulala upande fulani. Athari kubwa. Ila umeme hauingii ndani ya metali. Unagusa uso tu. Ndiyo maana filamu lazima iwe nyembamba kama nanomita moja, vinginevyo atomu za uso zinazidiwa kura na zile za ndani. Na kwenye filamu za namna hiyo kipimo cha ufifiaji ni 0.01 hivi, pengine zaidi. Mitetemo 16 na wimbi limeshalegea. Safari inakuwa ya mikromita chache.

Njia ya tatu ni BiFeO3. Athari ni kubwa na fuwele ni kihami, lakini makala ya 2010 haikupima safari ya wimbi, na masafa ya gigahezi 600 ni magumu kuyazalisha na kuyasoma kwa vifaa vya kawaida vya maabara, ambavyo kwa YIG vinafanya kazi kwenye gigahezi chache tu.

Umeona mpangilio? Pale wimbi linaposafiri vizuri, umeme ni dhaifu. Pale umeme unapokuwa na nguvu, wimbi halisafiri mbali au halikupimwa likisafiri. Hii si bahati mbaya. Spini yenyewe haina chaji ya kuvutwa. Uga wa umeme unavuta chaji na mizingo ya elektroni. Ili uifikie spini unahitaji mpatanishi, na mpatanishi mkuu ni ule mfungamano wa spini na mzingo. Lakini mpatanishi huyo huyo ndiye anayeruhusu spini kumwaga nishati yake kwenye mitetemo ya atomu, na huko ndiko wimbi linakofia. YIG ni bingwa kwa sababu atomu zake za chuma ziko katika hali ambayo michango ya mizingo inafutana, jumla sifuri, kwa hiyo spini zimejitenga na kelele za fuwele. Zimejitenga na kelele, na zimejitenga na volti zako pia. Mlango ni mmoja. Ukiufungua ili umeme uingie, nishati inatokea hapo hapo.

Hili ndilo ninaloona limekosekana, kwenye makala ya 2010 na zaidi kwenye nyingi zilizoirejelea. Ukisoma utangulizi wa makala za fani hii, mara nyingi utakuta sentensi moja inayounganisha sifa tatu: mawimbi yanasafiri mbali, umeme unayaongoza kwa nguvu, joto hakuna. Kila sifa ina ushahidi. Ushahidi wa ya kwanza ni wa YIG, wa ya pili ni wa BiFeO3 au chuma chembamba. Ni kama kumsifia mchumba kwa sura ya dada na upole wa shangazi. Ukienda kuoa, unaoa mtu mmoja.

"Haisahau" na "haipotezi" hazikai nyumba moja

Turudi kwenye lile neno, kuushikilia. Dai la nne, la kutopoteza nishati, ni kweli kwa kuushikilia uga. Kuubadilisha ni hadithi nyingine, na kompyuta kazi yake ni kubadilisha.

Tena hapa madai ya tatu na ya nne yanaanza kugombana. Badiliko lisilofutika ukizima umeme maana yake ni kumbukumbu. Kwenye vitu vya aina hii, kumbukumbu inaonekana kama kitanzi kwenye grafu: ukipandisha volti unapita njia moja, ukishusha unarudi kwa njia nyingine. Mwanafunzi yeyote wa fizikia wa mwaka wa pili anajua kitanzi kina maana gani. Grafu ikiwa ni ya uga dhidi ya mpangilio wa chaji, eneo lililomo ndani ya kitanzi ni nishati iliyogeuka joto kila unapozunguka. Kitanzi kipana, kumbukumbu imara, joto zaidi. Huwezi kuwa na kitanzi chenye upana ambacho hakina eneo.

Hebu tupige hesabu ya mkono. Chukua kipande cha BiFeO3 cha nanomita 100 kwa 100, unene nanomita 20. Mpangilio wake wa chaji ni wa kiasi cha kulomu 1 kwa mita ya mraba, miongoni mwa mikubwa inayojulikana. Tuseme kuugeuza kunahitaji uga wa volti milioni 10 kwa mita, thamani isiyo ya ajabu kwa filamu. Kugeuza mara moja kunagharimu mara mbili ya zao la namba hizo na ujazo: unapata femtojuli 4. Transista ya kisasa yenyewe, bila kuhesabu nyaya zake, inabadilisha hali kwa chini ya femtojuli moja.

Sisemi femtojuli 4 ni nyingi. Kumbukumbu isiyofutika kwa bei hiyo inaweza kuwa biashara nzuri sana kwa kazi fulani. Lakini igeuze mara bilioni moja kwa sekunde, uwe na vipande milioni moja kwenye kichipu, na umeshafika wati 4. Simu inayokula wati 4 mfululizo utaisikia kiganjani. "Karibu bila upotevu" imekwenda wapi?

Na hapo hatujahesabu ncha mbili za safari. Uga wa umeme unaongoza tu. Kuna kulizalisha wimbi, kwa kawaida kwa antena ndogo inayopitisha mkondo wa maikrowevu, na kuna kulisoma mwishoni, ambapo kinachofika ni kidogo na lazima kikuzwe. Ukimsifia dereva kwamba hali chakula, usisahau gari linakunywa mafuta.

Utetezi mmoja wa haki upo, na unatoka upande wao wenyewe. Mwaka 2013 de Sousa, Allen na Cazayous walichapisha nadharia kamili zaidi. Wanaonyesha kwamba uga wa umeme unaweza kuubadilisha mpangilio wa sumaku wa BiFeO3 bila kuugeuza mpangilio wa chaji, na wanasema wazi kwamba hiyo ni njia ya kupunguza upotevu wa nishati. Nimeipenda sana makala hii. Ila angalia inakiri nini kimyakimya: kama kutogeuza ndiko kunakookoa nishati, basi kugeuza kunaipoteza. Na kama hugeuzi, ile kumbukumbu inayotegemea kugeuza nayo huna. Unaweza kuchagua fuwele inayokumbuka, ukalipa. Unaweza kuchagua fuwele inayotii bila gharama kubwa, ikasahau ukizima. Kuyaweka yote mawili kwenye sentensi moja, kama ilivyofanyika 2010, ni kumuuzia mteja vitu viwili kwa risiti ya kimoja.

Tangu hapo

Fani haikulala. Mwaka 2022, katika Physical Review Letters, Parsonnet na wenzake wa kundi la Ramamoorthy Ramesh walionyesha magnoni zikipita ndani ya BiFeO3 kutoka ncha moja hadi nyingine, na kiasi kinachofika kikibadilika unapogeuza mpangilio wa chaji, bila uga wowote wa sumaku. Hapa sasa kuna A na kuna B. Kijiji cha pili wamesikia kitu.

Wamesikia nini? Magnoni za joto. Hizi ni umati: kila moja na masafa yake na fezi yake, kama kelele za sokoni. Unaweza kujua soko limechangamka au limepoa, na hiyo ni taarifa halali, inatosha kwa sifuri na moja. Lakini zile kompyuta za mawimbi zinazochorwa kwenye makala, ambapo mawimbi mawili yanakutana na kukuzana au kufutana, zinahitaji fezi. Zinataka kwaya, na soko halina mwongozaji. Ni hatua kubwa kwenye barabara ya jirani.

Kwa nini nakusumbua na haya yote

Kwa sababu kuna mtu anasoma hapa akitafuta mada ya tasnifu, na tasnifu ni miaka. Ukiingia ukidhani tatizo lililobaki ni uhandisi tu, yaani kupunguza ukubwa na kuunganisha vipande, utaumia. Tatizo lililobaki ni la fizikia, na kwa maoni yangu ni zuri zaidi kuliko ahadi iliyokuvuta: je, unaweza kuutenganisha mlango wa umeme na mlango wa joto?

Nadharia ya 2013 inatoa dokezo. Kwenye BiFeO3 spini zinakaa kwenye atomu za chuma, lakini mfungamano wenye nguvu unatoka kwa bismuti, jirani mzito. Mwenye spini na mwenye mlango ni atomu mbili tofauti. Je, jirani mzito anaweza kuwekwa mahali ambapo anasaidia volti bila kuua wimbi? Kuna ishara kwamba swali si la kipuuzi: mwaka 2018 Soumah na wenzake, katika Nature Communications, walitengeneza filamu za ganeti ya YIG iliyotiwa bismuti na ufifiaji ukabaki mdogo sana. Walikuwa na malengo mengine, hawakuwa wakitafuta volti. Lakini zinaonyesha kwamba kuwepo kwa atomu nzito peke yake si hukumu ya kifo kwa wimbi. Kama ningekuwa nachagua leo, ningeanza kuchimba hapo.

Na kama wewe si mwanafunzi wa fizikia, unasoma tu kwa udadisi, nakuachia maswali manne ya kuuliza utakapokutana na habari nyingine ya "kompyuta isiyo na joto". Wimbi lilisafiri, au lilipimwa papo hapo? Kama lilisafiri, ni wimbi lenye mpangilio au ni umati? Nishati iliyohesabiwa ni ya kushikilia au ya kubadilisha, na je, ncha mbili zimo? Na sifa zote zinazotajwa ni za kitu kimoja, au zimeokotwa kwa ndugu mbalimbali?

Makala ya 2010 ikiulizwa maswali haya inabaki na heshima yake. Ilipima jambo kubwa kwa uangalifu na ikatuambia linatoka wapi. Mimi bado nawapa wenzangu waisome, isipokuwa nawaambia wasome sehemu ya mbinu kabla ya muhtasari, na wakifika kwenye "karibu bila upotevu wa nishati" wachukue kalamu wapige mstari chini yake.